Tumbo la Nanyokie

Tajeu akija kwako haanzi na mlango. Hata kama umempangia kiti na chai inatoa mvuke mezani, yeye atapita kando ya nyumba, asimame uani, amwangalie ng'ombe. Ataangalia macho, aangalie kwato, aangalie ngozi, na mwisho kabisa ataangalia tumbo. Akishamaliza na ng'ombe ndipo anageuka kukusalimia wewe. Evalyne alilijua hilo vizuri, maana marehemu mumewe, Nalianya, alikuwa akilicheka kila mara. Alisema kwa Tajeu watu huhesabiwa baadaye.

Kwa hivyo asubuhi ile simu ilipolia, na Tajeu akasema ametoka Ewuaso Kedong anakuja Kitengela kuona ng'ombe, Evalyne hakushika ufagio. Alishika fungu la majani.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja tu, jike mwekundu mwenye masikio ya kuning'inia. Jina lake lilikuwa Nanyokie, ambalo kwa Kimasai ni kusema tu yule mwekundu. Alifika kwenye ploti hiyo ya Kitengela baada ya kiangazi kile kikali kilichomaliza mifugo ya Kajiado. Wakati wa kiangazi chenyewe Tajeu alikuwa amepitisha ng'ombe zake hapo, akitafuta majani kwenye vichochoro vya katikati ya maploti, na ndama wakaanza kulala njiani. Nalianya alikuwa mtu wa Bungoma, dereva wa lori la maji, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alifungua mfereji wa tangi lake la nyumbani, akatoa beseni la kufulia, ndama wakanywa mpaka tangi likalia tupu. Evalyne alinuna, kwa sababu nguo zilikuwa zimelowekwa. Tajeu naye hakusema hata asante. Alikusanya ndama zake akaenda.

Mvua iliporudi, Tajeu pia alirudi, kwa miguu, akivuta mtamba mwekundu. Alimpa Nalianya kamba mkononi. Na kwa Wamasai mtu akikupa ng'ombe, majina yenu mliyozaliwa nayo yanawekwa kando. Yeye anakuita Pakiteng, na wewe unamwita Pakiteng, kusema nyinyi ni watu wa ng'ombe mmoja. Basi wale wawili wakawa wanaitana hivyo hata kwenye simu, hata barabarani, Mbukusu na Mmasai, mpaka majirani wakadhani Pakiteng ndilo jina la Nalianya. Evalyne yeye aliitwa Mama Melvin tu, kama anavyoitwa na kila mtu.

Kisha Nalianya akaugua kifua, akaenda. Tajeu alisafiri mpaka Bungoma kumzika, akasimama pembeni na shuka yake, akaondoka bila kula. Tangu siku hiyo hakuwa amekanyaga Kitengela.

Sasa hapo ndipo roho ya Evalyne ilipokuwa imekwama. Hakuogopa kwamba Tajeu atamnyang'anya ng'ombe. Huyo hakuwa mtu wa kunyang'anya mjane. Aliogopa kitu cha kimya zaidi. Aliogopa Tajeu atakuja, atasimama uani, atamwangalia Nanyokie kwa yale macho yake, aone ng'ombe hana mwenyewe. Halafu atafungua kamba kwa heshima, amrudishe kwa wenzake, na njia iliyokuwa kati ya nyumba hizi mbili ifungike. Melvin, binti yake, alikuwa ameajiriwa mbali. Kitengela yote Evalyne hakuwa na ndugu. Alikuwa na ng'ombe, na kupitia ng'ombe alikuwa na watu Ewuaso Kedong.

Ndiyo maana alitaka tumbo la Nanyokie lijae.

Majani yalitoka kwa Mama Kiama, jirani yake anayeuza mboga stejini. Lori la kabeji lilikuwa limefika kutoka Entarara, na wakulima wa huko walikuwa wamefunika kabeji na mashina ya maharagwe yaliyong'olewa yakiwa bado kijani, ili jua lisizichome. Mama Kiama hakuwa na kazi nayo. Alimrushia Evalyne juu ya ua, rundo zima, limelowa mvua ya usiku, linatiririka maji.

Evalyne alijua kanuni. Majani ya maharagwe hayapewi ng'ombe mabichi. Huanikwa kwenye ua mpaka yanyauke, na ng'ombe hutangulia kula nyasi kavu. Nalianya alikuwa akiyaanika mwenyewe, shina kwa shina, kama mtu anayeanika soksi. Alisema tumbo la ng'ombe ni mtungi wa busaa. Ndani kunachacha mchana na usiku, na hewa yake sharti itoke. Watu wa mjini wanafikiri hutokea nyuma, alisema, lakini ng'ombe hupumulia tumbo mdomoni: anacheua, anapiga mbweu, anacheua tena, siku nzima. Siku mbweu ikikatika, mtungi unapasuka.

Yote hayo Evalyne aliyajua. Lakini nyasi kavu zilikuwa karibu kuisha, mbavu za Nanyokie zilianza kuhesabika, na Tajeu alikuwa njiani. Akayamwaga majani yote mbele yake na maji yake. Nanyokie alikula kwa pupa bila kuinua kichwa.

Mama Kiama alipochungulia juu ya ua baadaye kidogo, alimsifu. Alisema ng'ombe ameshiba mpaka mgongo umepotea.

"Umemlisha kama bibi harusi," akasema. "Mwenyewe akikuja atapita hapa akitafuta yule mwingine."

Evalyne akacheka. Akaangalia tumbo, likamfurahisha. Kile kishimo kilicho nyuma ya ubavu wa mwisho, upande wa kushoto, kilichokuwa kimebonyea wiki hizi zote, kilikuwa kimejaa. Akaingia ndani kuweka chai.

Alipotoka, kishimo hakikuwa kimejaa tena. Kilikuwa kimepanda. Kilikuwa kilima, kimezidi hata uti wa mgongo, na ngozi juu yake imevutika ikang'aa. Nanyokie alikuwa amesimama miguu imepanuka, shingo mbele, hatafuni kitu. Akajipiga tumbo na mguu wa nyuma, akatulia, akajipiga tena.

Evalyne alisimama na sufuria mkononi, akangoja taya lisogee. Halikusogea. Akangoja mbweu, ile sauti nzito aliyozoea kuisikia akifua nguo, na harufu yake ya majani yaliyochacha. Haikuja. Akaweka sufuria chini, akagonga kile kilima na vidole. Kililia kama ngoma.

Akampigia daktari wa mifugo, Mureithi. Akampata, lakini Mureithi alikuwa mbali, upande wa Mashuuru, na mkono wake ulikuwa ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Mwenye ng'ombe ndiye aliyemshikia simu sikioni. Aliuliza amekula nini, akaambiwa. Akasema hiyo si hewa tupu, ni povu. Majani mabichi ya aina hiyo yakichacha hutoa hewa inayonaswa ndani ya povu, na povu ng'ombe hawezi kulipigia mbweu. Amsimamishe mahali pa mteremko, kichwa juu. Amfunge kijiti mdomoni kama lijamu, ili aendelee kutafuna. Amnyweshe mafuta ya kupikia, maana mafuta huua povu. Na asimruhusu kulala chini hata kidogo. Yeye akimaliza na huyu wa Mashuuru, anakuja.

Evalyne akaita Mama Kiama. Mama Kiama akaja na chupa ya mafuta kutoka jikoni kwake na donge la magadi kwapani, akaona, akashika mdomo.

"Majani ni yangu," akasema. "Ukitaka kunilaani, nilaani polepole, mimi niko na presha."

Evalyne hakuwa na nafasi ya kulaani mtu. Magadi aliyakataa, maana Mureithi hakuyataja, akachukua mafuta. Wakamvuta Nanyokie mpaka kwenye kile kifusi cha mawe ya ujenzi ambao Nalianya hakuumaliza, miguu ya mbele ikapanda juu, ya nyuma ikabaki kwenye matope meusi. Evalyne akavunja kijiti cha ua, akakipitisha mdomoni, akakifungia kamba nyuma ya pembe. Nanyokie akakitafuna kidogo, mate yakamtoka marefu. Wakamnyanyua kichwa, wakamimina mafuta na chupa ya soda. Mengi yakarudi kwa pua. Alikuwa ameanza kupumua kwa mdomo, ulimi nje, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko ile iliyotangulia, kwa sababu tumbo lilikuwa limesukuma mapafu mpaka mahali pake padogo kabisa.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Tajeu.

"Mama Melvin," akasema. "Niko Isinya. Ng'ombe anaendelea aje?"

Evalyne alimwangalia Mama Kiama. Mama Kiama akaangalia matope.

"Yuko sawa, mzee. Amekula."

"Anacheua?"

Ni Mmasai tu atakayekuuliza hivyo. Mtu mwingine angeuliza anatoa maziwa mangapi.

"Anacheua," Evalyne akasema.

Akakata. Evalyne alijiambia kwamba kutoka Isinya bado kuna nafasi. Mafuta yatashuka, povu litakufa, mbweu itakuja, na Tajeu atakuta ng'ombe amesimama. Akaanza kumsugua ubavu na ngumi zote mbili, kwa nguvu, juu kwenda chini. Mikono ikamwuma. Tumbo likabaki gumu kama tairi la lori.

Nanyokie akayumba. Akarudisha mguu kutafuta ardhi, akaikosa, akateleza kutoka kwenye kifusi na kupiga magoti ya mbele matopeni. Wakamsukuma, wakamvuta mkia, wakamwita. Akajaribu kuinuka, akashindwa. Macho yalikuwa yamemtoka, na ulimi umeanza kuwa wa samawati.

Evalyne akaelewa kwamba anataka kuficha kitu ambacho muda si mrefu kitakuwa mzoga uani. Akachukua simu. Vidole vilikuwa na mafuta, ikamponyoka, akaipangusa kwa leso, akapiga.

"Mzee, nimekudanganya," akasema kabla ya salamu. "Hacheui. Amefura, na sasa amepiga magoti."

Upande ule kulisikika injini ya gari na mtu anayekohoa. Kisha Tajeu akauliza amekula nini.

"Majani ya maharagwe. Mabichi, na mvua yake."

"Nani alimpa?"

"Ni mimi."

Evalyne akaibana simu sikioni.

"Uko na kisu?"

"Niko na ya jikoni. Lakini mzee, daktari anakuja. Huyu ni ng'ombe wako. Siwezi kutoboa ng'ombe wa mtu."

"Daktari atakuta nyama," Tajeu akasema, bila ukali. "Kama ni wangu, nakwambia toboa. Kama ni wako, toboa."

Akamwelekeza polepole, kama mtu anayeelekeza njia. Upande wa kushoto, si wa kulia. Kulia ni matumbo mengine, ukitoboa huko umeua. Atafute ubavu wa mwisho, aweke kiganja nyuma yake. Ashuke kutoka kwenye mifupa ya mgongo kiganja kingine. Pale kilima kilipo juu kabisa. Aelekeze ncha ya kisu kwa kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia, na asukume kama anayekusudia. Kisu kikiingia akigeuze kidogo, na atie kitu chenye tundu, ili shimo lisijifunge.

Kitu chenye tundu. Evalyne akazungusha macho uani. Pale kwenye mfereji wa tangi palikuwa na mpira wa maji, mwembamba, ule ule uliokuwa ukijaza beseni siku ndama walipokunywa. Akaukata kipande cha urefu wa mkono. Akamwagia kisu maji ya moto ya chai. Mama Kiama alishika simu kwa mikono miwili, spika imefunguliwa, uso ameugeuzia ukutani, anaomba kwa Kikuyu.

Evalyne akaweka kiganja. Chini ya ngozi alisikia kitu kikichemka, vitu vidogo vidogo vingi, kama sufuria ya uji ukiweka sikio karibu. Akasukuma.

Kisu kilidunda. Ngozi ya ng'ombe si mchezo. Ilichanika juu tu, damu kidogo, na Nanyokie akatoa mguno. Evalyne akavuta kisu nyuma.

"Imeingia?" Tajeu akauliza.

"Haijaingia."

"Wewe unamwonea huruma. Huruma baadaye."

Akashika kisu kwa mikono yote miwili, akakiweka kando kidogo ya ule mchaniko, akaegemeza kifua juu ya mikono, na mwili wake wote, mwili wa mwanamke mnene aliyebeba mitungi maisha yake yote, ukaenda mbele. Kikazama mpaka mpini. Akakigeuza. Hewa ikatoka na mlio wa gurudumu lililotobolewa, harufu ikawapiga usoni, na Mama Kiama akaacha kuomba akaanza kukohoa. Evalyne akapitisha ule mpira kando ya kisu, akavuta kisu, akabaki ameushika mpira.

Mlio ukaendelea kidogo. Halafu ukapungua, ukawa mkoromo, ukakatika. Mdomoni mwa mpira kukatokea povu la kijani, zito, lililojaa vipande vya majani, likakaa pale halitoki wala halirudi. Kilima kilikuwa kimeshuka kidogo, si sana. Nanyokie alilaza kichwa matopeni.

"Imeziba," Evalyne akasema. "Mzee, ni povu. Imeziba."

Tajeu hakujibu. Mtandao ulikuwa umemeza sauti yake. Simu ilikuwa inakwaruza tu. Mama Kiama akaitikisa, akaita halo, halo.

Evalyne hakungoja. Mafuta huua povu, Mureithi alikuwa amesema. Mdomoni hayakupita, lakini njia nyingine sasa ilikuwepo, na alikuwa ameishika. Akaweka mdomo wake mwenyewe kwenye mpira, akapuliza lile povu likarudi ndani, akatema, akainua mpira juu na kumwambia Mama Kiama amimine. Mama Kiama akamimina mafuta yote yaliyobaki, mengine yakimwagikia manyoya mekundu. Evalyne akausokota mpira huku na huku, akaanza tena kusugua ubavu, sasa bila kuomba chochote, anasugua tu.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha mpira ukakohoa. Ukatema povu, ukanyamaza, ukatema tena, jepesi zaidi, na nyuma yake ikaja hewa, ikakatika, ikaja nyingine ndefu. Kile kilima kikaanza kuzama chini ya mikono yake. Nanyokie akavuta pumzi moja ndefu mpaka mbavu zikafunguka. Ulimi ukarudi mdomoni. Baada ya muda akainua kichwa, akanyoosha shingo, na kutoka ndani kabisa ikapanda mbweu, nzito, ya kunuka, ikapita kando ya kile kijiti mdomoni mwake.

Evalyne akakaa chini matopeni na nguo yake yote. Mama Kiama akakaa pia.

Tajeu alifika wakiwa bado hapo. Alipita kando ya nyumba kama kawaida yake, fimbo begani, hatua ndefu lakini si za kukimbia. Evalyne akasimama. Alikuwa amepaka damu, mafuta na povu mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Tajeu hakumwangalia. Alimwangalia ng'ombe. Macho, kwato, ngozi. Alipofika kwenye tumbo alichuchumaa, akaangalia lile jeraha la pembeni lililokataa, halafu lile lililokubali na mpira wake unaotoa hewa kidogo kidogo. Akaweka sikio ubavuni. Akakaa hivyo muda mrefu, macho amefumba, na Evalyne akawa anauangalia mkono wake, ule uliokuwa karibu na kamba.

Mkono ukaenda mdomoni mwa ng'ombe. Akafungua kijiti, akakitupa. Taya la Nanyokie likasogea upande, likarudi. Likasogea tena.

Tajeu akainuka, akamgeukia.

"Takwenya," akasema, akimsalimu kama Wamasai wanavyomsalimu mwanamke.

"Iko," Evalyne akaitikia.

Chai ilikuwa imeshapoa, akainywa hivyo hivyo, amesimama uani. Hakuuliza kuhusu ule uongo. Mureithi alifika jua likiwa limeegemea upande wa Ngong, akaosha jeraha, akashona, akadunga sindano. Alisema shimo lilikuwa mahali pake lakini uchafu umeingia, na hawezi kuwaahidi kitu. Wamwangalie siku zijazo kama atapata homa, wampe nyasi kavu na maji. Tajeu alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa. Halafu akaenda kwenye lile rundo la majani yaliyobaki, akayapindua kwa fimbo, akainama, akachukua shina moja, akalinusa.

Evalyne akangoja. Sasa ndiyo maneno yanakuja, akafikiri, na kamba iko hapo kwenye nguzo, hatua chache tu.

Tajeu akalining'iniza lile shina juu ya ua wa mabati, kwenye jua lililobaki. Akachukua lingine.

"Yaanike yote, Pakiteng," akasema, mgongo ameugeuza. "Kesho yatakuwa mazuri."

Evalyne alipangusa mikono kwenye leso, ingawa leso ilikuwa chafu kuliko mikono. Akaenda, akasimama upande wake wa ua, akaanza kuanika, shina kwa shina.